Manyoya Ndani ya Seva

Jumamosi ya mwisho wa mwezi hakuna mtu mwenye akili timamu anayeingia katikati ya mji wa Thika asipokuwa na shida kubwa. Wavinya Kaleli aliingia kwa sababu ya feni. Ilikuwa feni ndogo ya ndani ya seva, ile kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu za kampuni nzima, na fundi aliyeuza feni kama hizo alikaa kwenye chumba kimoja kilichobanwa kati ya muuza mitumba na kinyozi aliyefungulia spika mpaka kioo kikatetemeka. Wavinya alikuwa amevaa jinzi iliyopauka, raba nyeupe, na fulana ya kijani ya kazini yenye picha ya kifaranga kifuani. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye ameshaona ujinga wa kumtosha siku hiyo na anasubiri mwingine.

Ujinga huo mwingine ulikuwa mbele yake kwenye foleni. Ulikuwa umevaa suti ya bluu iliyobana mapaja na viatu vya kahawia vyenye ncha, na ulikuwa unambembeleza fundi.

"Boss, hata kama ni masaa mawili tu. Presentation yangu iko Monday. Kila kitu iko ndani ya hiyo laptop."

"Imeingia chai," fundi alisema bila huruma. "Chai ya maziwa na sukari. Hiyo sukari ndiyo inaua. Backup uko nayo?"

Mwenye suti alihamisha begi kutoka bega moja hadi jingine. Kwenye begi lake kulikuwa na maandishi makubwa meupe: Hamia Wingu Leo. Wavinya aliyasoma mara mbili, kisha akacheka, na hakujaribu kuficha.

"Samahani," alisema. "Ni wewe unauzia watu cloud?"

"Ndiyo, madam."

"Unawaambia waweke vitu zao mbali na ofisi, ndiyo ofisi ikiungua vitu zibaki."

"Hivyo hivyo."

"Na zako zote ziko kwa laptop yenye imekunywa chai."

Gachanja, kwa maana hilo ndilo lilikuwa jina la yule kijana, mzaliwa wa Ruiru mwenye miaka thelathini na mitatu, aligeuka taratibu. Mwanamume mwingine angenuna. Huyu alimtazama kifaranga wa kwenye fulana, akamtazama mwenye fulana, akasema, "Mganga hajigangi, madam."

"Na mgonjwa wa mganga kama huyo anafikanga wapi?"

"Mochari," Gachanja alijibu.

Wavinya alicheka tena, safari hii kwa heshima kidogo. Aliomba bisibisi, akafungua ile laptop mbele ya fundi ambaye hakufurahia, akatoa diski, akaipangusa, akaiunganisha na kompyuta ya dukani. Kwa dakika kumi na tano kazi yote ya Gachanja ikawa kwenye flashi.

"Nikulipe aje?" aliuliza Gachanja.

"Monday ukisimama mbele ya watu, usiwaambie wewe ni expert."

"Hiyo ni ngumu. Iko kwa slide ya kwanza. Na namba yako?"

"Ya nini?"

"Ya emergency. Mimi hunywa chai kila siku."

Akampa. Mimi ningemnyima, lakini sikuulizwa.

Wakapendana, na sitawachosha kwa maelezo, kwa sababu wapendanao wote hufanya mambo yale yale na kila mmoja hudhani ameyabuni yeye. Wavinya alipanga vyumba viwili Makongeni. Gachanja alipanga kimoja Ruiru, na kwenye hicho kimoja suti ilikuwa na msumari wake na kila kitu kingine kilikaa sakafuni. Jumapili baada ya ibada walikutana Thika kula mbavu za mbuzi, Wavinya na gauni la kitenge cha manjano lililomkaa vizuri mpaka wahudumu wakasahau oda za watu wengine, Gachanja na sweta nyekundu aliyofumiwa na mamake. Wavinya alimwita Gachanja "Bwana Mawingu." Gachanja alimwita "Wavi," na akitaka kuuawa alimwita "Mama Kuku."

Jina hilo lilitokana na simu moja ya saa saba mchana.

"Wavi, unafanya nini?"

"Niko na wageni kwa server room. Wanane. Wako kwa boksi."

Wavinya alifanya kazi kwenye kampuni ya kuangua vifaranga nje kidogo ya Ruiru. Kila Jumanne mashine zilitoa maelfu, na kila Jumanne kulikuwa na wachache waliochelewa kuvunja ganda, miguu imelegea, shingo haisimami. Hao kwa kawaida hutupwa. Lakini Mama Tabby, mwanamke wa makamo aliyechagua vifaranga kwa mkono kwa miaka mingi, alikuwa amegundua kwamba hakuna mahali pa joto la kudumu kama nyuma ya seva, kwa sababu hata stima ikipotea, seva ina betri yake. Akawa anaweka boksi hapo. Wavinya alipaswa kumfukuza. Badala yake alilisogeza lile boksi hatua moja kutoka kwenye feni, akanyamaza. Siku ya tatu wanane wote walikuwa wanakimbia.

"Wavi wangu, mwenye anadharau dunia nzima," Gachanja alisema kwenye simu, "analea kuku?"

"Ukiambia mtu hiyo kitu nitakuzika."

"Nani ataniamini?"

Sasa niwaeleze kuhusu mwenye kampuni, ingawa hastahili. Aliitwa Wanyoike, alitaka aitwe Director, na kampuni aliipa jina la Wanyowanja Chicks kwa kubandika jina lake na la mkewe bila kumuuliza mkewe. Wanaume wa kanisani kwake hunywa chai pamoja Jumamosi moja kila mwezi na kuambiana mafanikio yao wakisingizia ni ushuhuda. Hapo mwenzake mmoja aitwaye Kitonga, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alisema huku akipaka siagi kwenye mkate, "Sisi tulishahamia cloud."

Wanyoike hakujua cloud ni nini. Hakuuliza. Soseji ilimkwama kooni, na Jumatatu asubuhi akamwita Wavinya ofisini.

"Wavinya, hii server yetu iko na miaka ngapi?"

"Tisa, Director."

"Na wewe?"

"Miaka tisa pia. Tuliingia pamoja."

"Nataka tuhamie huko juu. Kila kitu. Nimeita wataalamu waje waangalie." Akaegemea kiti. "Sasa tukishahama, wewe hapa utakuwa unafanya kazi gani?"

Aliuliza hivyo, mdomo wazi, huku akichokoa meno. Wavinya ndiye aliyejenga ule mfumo: nani ameagiza vifaranga wangapi, mayai yaliingia mashine lini, joto lilikuwa kiasi gani. Ile seva ikiondoka, kazi yake ingeondoka nayo, na hakuwa na nyingine. Alisema, "Sijui, Director," akatoka kabla uso haujamsaliti.

Jioni alimweleza Gachanja kwa simu. Gachanja alisema "pole" mara nne. Hakusema jambo la tano. Alhamisi hiyo, kampuni yake ya Nairobi ilimpa jina la mteja mpya wa kukaguliwa, na jina lenyewe lilikuwa Wanyowanja. Angeweza kupiga simu dakika hiyo hiyo. Alijiambia atamwambia Jumapili, ana kwa ana, kiungwana. Jumapili ikafika, akala mbavu, akapangusa mikono, akasema mbavu ni tamu.

Jumatatu akaingia langoni na ile suti.

"Huyu ndiye mtaalamu," alisema Wanyoike.

"Habari yako, madam," alisema Gachanja.

"Nzuri," alijibu Wavinya, kwa sauti ambayo ungeweka maziwa ndani yake yasiharibike wiki nzima.

Saa saba Wavinya alimpigia akiwa nyuma ya ghala la trei za mayai.

"Ulijua lini?"

"Thursday."

"Na Sunday ukakula ukanyamaza."

"Niliogopa, Wavi."

"Uliogopa mimi ama uliogopa kukosa mbavu?"

"Wewe. Sikiza. Nitaandika tu ukweli."

"Na commission yako iko kwa ukweli gani?"

"Iko kwa ile ya kuhamisha kila kitu."

"Basi umenijibu."

"Bado sijakujibu. Wednesday nipe copy ya orders nijaribu kuiweka huko nione kama inafanya. Na uwe hapo, password uandike wewe mwenyewe. Sitagusa kitu bila wewe."

Wavinya alikubali. Jumatano walikaa bega kwa bega kwenye kile chumba kidogo, wamenuniana, na nakala ya maagizo yote ya wakulima ikaenda. Kwenye boksi nyuma ya seva vifaranga watano walilia. Gachanja aliwatazama, akamtazama Wavinya, akarudisha macho kwenye skrini. Kidogo Wavinya acheke. Jioni hiyo aliamini kwamba huenda mtu anaweza kuvaa suti na bado akawa mtu.

Imani hiyo iliishi hadi Ijumaa saa nne.

Wanyoike aliwaita wote wawili ofisini. Taarifa ya Gachanja ilikuwa mezani, kurasa kumi na moja ndani ya jalada la plastiki. Wanyoike aliipiga kofi.

"Nimesoma. Ni maneno mingi. Lakini kuna kitu nimejua wiki hii na nimeshangaa. Ati kuna kuku kwa server yangu?"

Wavinya alimtazama Gachanja. Gachanja alitazama viatu vyake vyenye ncha.

"Wavinya, hii ni kampuni ama ni boma? Toa hizo kuku leo. Halafu uniandikie maoni yako, tuhame ama tusihame, kabla mwezi iishe. Nataka nione kama uko na akili yoyote."

Nje, kwenye ujia wenye harufu ya dawa ya kuoshea trei, Wavinya alisimama mbele ya mpenzi wake.

"Umenichoma."

"Umesoma report?"

"Sina haja ya kusoma. Ni mtu mmoja tu niliambia hiyo story ya kuku."

"Wavi, soma kwanza."

"Gachanja, nikuambie kitu? Wewe ni suti. Ndani hakuna mtu."

Gachanja angeweza kurudi ndani, achukue ile taarifa, amfungulie ukurasa wa nne. Ingemchukua hatua kumi. Lakini huyu bwana naye alikuwa na kiburi chake, kimekunjwa vizuri chini ya ucheshi, na siku hiyo kilikunjuka. Alisema, "Sawa," akaondoka. Kabla hajafika langoni Wavinya alikuwa ameifuta namba yake na kumzuia asipige tena.

Watu hawa wawili walisoma vyuo. Mmoja anasoma kumbukumbu za mashine elfu moja kwa siku akitafuta kosa moja. Kusoma kurasa kumi na moja kulimshinda, kwa sababu tayari alikuwa ameamua. Nakala yake ya taarifa aliitupa kwenye droo, chini ya nyaya.

Wiki iliyofuata Gachanja alipiga kwa namba ya rafiki. "Wavinya, ni mimi, nisikize dakika moja tu." Wavinya akakata. Alikula chakula cha mchana peke yake. Mama Tabby alipojaribu kumkaribia na chai, alijibiwa neno moja moja mpaka akarudi kwa vifaranga wake. Na kila mwisho wa mwezi Wavinya alizoea kuifungua seva na kuipuliza vumbi. Safari hii hakuifungua. Alisema moyoni mwake, kama wanaihamisha, waihamishe na uchafu wake.

Jumanne ya pili baada ya ugomvi ule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alifika kazini akasikia kimya. Chumba cha seva hakinyamazi kamwe. Alifungua mlango, akaona taa zote zimezimika, akachukua bisibisi.

Ndani ya seva kulikuwa na manyoya. Yale manyoya laini ya kifaranga wa siku moja, ya manjano, yaliyovutwa na feni kidogo kidogo kwa miezi, yalikuwa yameshikana na vumbi mpaka feni zikakwama. Mashine ilijipika yenyewe usiku kucha. Diski ilinuka.

Alivuta pumzi, akachukua diski ya nje yenye nakala ya akiba, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Ilikuwa tupu tangu Februari. Kila mwezi mfumo ulisema umenakili, na kila mwezi Wavinya alitia sahihi kwenye fomu kwamba iko sawa, bila kuifungua kuangalia. Wavinya Kaleli, aliyemcheka mtu hadharani kwa kosa hilo hilo, alikaa chini sakafuni.

Nje, zaidi ya vifaranga elfu nne walikuwa wanalia ndani ya maboksi, wa nyama na wa mayai. Langoni wakulima sitini walishaanza kupanga foleni, wengine wametoka Witeithie na mbali zaidi, kila mmoja na oda yake aliyolipia, na hakuna hata mtu mmoja katika kampuni nzima aliyejua nani ni wa nini. Wanyoike alifika akiwa amevaa kofia ya gofu, mchezo ambao hajawahi kuucheza.

"Wagawie tu," alisema. "Kila mtu achukue kidogo kidogo."

"Director, huyo mama ameorder mia tatu za mayai. Ukimpa hamsini za nyama atakuchoma na hiyo kofia."

"Basi fanya kitu. Si ndiyo kazi yako? Kama haiko, si uniambie tu."

Wavinya alirudi ndani. Kulikuwa na nakala moja tu duniani, nayo ilikuwa ya ile Jumatano, kwa mtu aliyemwita suti tupu. Ilikuwa ya siku kumi na tatu nyuma. Lakini yai hukaa kwenye mashine siku ishirini na moja, na Wanyoike, asiyemwamini mkulima yeyote, hufunga kitabu cha maagizo siku mayai yanapoingia. Baada ya hapo hakuna anayeongeza wala kupunguza. Maagizo ya leo yalifungwa kabla ya Jumatano ile. Yote yangekuwa humo, kama Gachanja hakuyafuta.

Namba ya Gachanja alikuwa ameshaifuta. Akakumbuka kwamba wauzaji huandika namba zao kila mahali, akaichimbua taarifa kutoka chini ya nyaya, na kwa kuwa kurasa zilikuwa zimeshikana, ikafunguka ukurasa wa nne. Akasoma akiwa amesimama.

"Pendekezo langu ni seva ibaki hapa, na nakala zake ndizo zitoke nje kila siku. Intaneti ya eneo hili hukatika, na siku ya kuangua kampuni haiwezi kungoja. Nakala ya akiba ijaribiwe sasa, si kesho. Hali ya mashine: vumbi la kawaida. Anayeutunza mfumo huu ni fundi zaidi kuliko aliyeandika taarifa hii, na kampuni isithubutu kubaki bila yeye."

Hakukuwa na neno hata moja kuhusu kuku. Alipekua mpaka ukurasa wa mwisho. Alipoinua macho, Mama Tabby alikuwa mlangoni akikunja aproni yake mkononi.

"Wavinya, mwanangu, ni mimi nilimwambia Director. Aliniuliza mbona siku hizi hatutupi vifaranga mingi. Nikajivunia. Sikujua ni kesi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na hasira mbaya, mwanangu. Hata chai ulikataa."

Hasira ile aliyoitembeza kwa siku kumi na moja kama nguo mpya ilimvuka yote mara moja, akabaki na aibu tupu. Akapiga simu.

"Hello, nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?" aliuliza Gachanja. Sauti aliijua tangu pumzi ya kwanza. Aliuliza tu, na mimi namuunga mkono.

"Wavinya. Ile copy ya Wednesday, bado uko nayo?"

"Unaanza na copy ama unaanza na pole?"

"Kuna watu sitini kwa gate, Gachanja. Server imekufa. Backup ilikuwa bure."

Gachanja aliposikia neno la mwisho hakucheka. Wavinya alikuwa amejiandaa kwa kicheko hicho, na alipokikosa, macho yalimjaa machozi.

"Basi anza na copy," alisema Gachanja. "Niko Kahawa Wendani kwa client. Nipe dakika tano. Washa data ya simu yako, uunganishe na computer. Ukiona link, password ni ile yako. Sikuwahi kuibadilisha."

Dakika tano hazikuisha. Orodha ilifunguka kwenye skrini, majina yote sitini, idadi, aina. Wavinya alichapisha, Mama Tabby akasimama langoni akiita majina kwa sauti ya mwalimu wa zamu, na kufikia saa tatu na nusu maboksi yote yalikuwa yameondoka. Simu ilikuwa bado sikioni.

"Imetoka?" aliuliza Gachanja.

"Imetoka."

"Na ile pole?"

"Kuja uchukue mwenyewe."

Alifika saa sita, bila koti, mikono ya shati imekunjwa. Wanyoike alikuwa ofisini anang'ara kana kwamba vifaranga aliwaangua yeye.

"Kwa hivyo ni cloud imetuokoa," alisema. "Mimi nilijua. Sasa tuhamishe kila kitu."

"Hapana, Director," alisema Wavinya.

"Hapana aje?"

"Wiki jana intaneti ilipotea siku mbili kwa sababu walikuwa wanachimba barabara wakakata cable. Kama ingekuwa leo na kila kitu iko huko, ungekuwa unaangalia screen nyeupe na watu wako kwa gate. Nunua server ndogo mpya, ikae hapa. Copy ndiyo iende huko, kila siku, na kila wiki mtu aifungue aone kama iko na kitu ndani." Alimeza mate. "Na zile kuku, ni mimi nilikubali. Manyoya yao ndiyo imeua server. Backup, nilisaini bila kuangalia. Ukitaka kunifuta kazi, nifute kwa hizo mbili. Usinifute kwa sababu Kitonga alisema kitu kwa chai ya wanaume."

Mama Tabby, aliyeleta chai, alisahau kuiweka mezani.

"Na mimi niliandika vumbi," alisema Gachanja, "nikijua ni manyoya. Niliona boksi, nikafunika. Hiyo ni makosa yangu."

Wanyoike aliwatazama mmoja mmoja. Angalau mtu mmoja alipaswa kufutwa, alijua hivyo, lakini swali lililomsumbua lilikuwa jingine kabisa.

"Copy ikikaa huko," aliuliza, "mimi naweza kusema niko kwa cloud?"

"Unaweza, Mzee," alisema Gachanja.

"Hata nikiulizwa na mtu anaelewa?"

"Hata huyo."

Basi mambo yakaishia hapo. Hivi ndivyo maamuzi makubwa hufanyika katika kampuni ndogo, na anayefikiri ya kampuni kubwa hufanyika tofauti ana bahati ya kutowahi kufanya kazi huko. Wavinya alipewa barua ya onyo yenye makosa matatu ya tahajia, na kazi yake akabaki nayo. Jumamosi ya chai, Wanyoike alitoa ushuhuda.

Siku hiyo hiyo alasiri Gachanja alibisha hodi Makongeni. Alikuwa na ile sweta nyekundu. Wavinya alikuwa uani akianika nguo, leso kiunoni, povu mpaka kwenye viwiko.

"Kaa hapo kwa jiwe," alimwambia. "Mbona uso iko hivyo?"

"Wamenifuta."

"Nani?"

"Kampuni. Boss alisoma ile report. Akauliza ni muuzaji gani anaambia client anunue kitu kidogo. Walinitumia message Thursday, kwa WhatsApp."

Wavinya aliacha shati likining'inia kwa kibanio kimoja. Alikuwa na maneno mengi ya dharau kuhusu watu wa aina hiyo, yote tayari mdomoni. Hakuyasema. Alikuja akakaa kwenye jiwe pembeni yake, mikono imelowa.

"Nisikize," alisema. "Nilikudharau kwa sababu kudharau mtu ni rahisi. Kukusoma ingenichukua dakika kumi, na sikutaka, sababu nilikuwa naogopa kupata kweli umeniuza. Pole, Gachanja. Nakuomba msamaha."

Gachanja alikuwa hajawahi kumsikia akisema neno hilo kwa mtu yeyote.

"Na mimi ningekufungulia page four," alisema. "Nilikuacha ukosee, ndiyo nipate kukasirika vizuri. Hata mimi pole."

"Na usiwahi niandikia vumbi tena. Nikikosea, andika nimekosea."

"Hata kama utafutwa?"

"Hata kama. Nataka mtu ataniambia."

Mtoto wa jirani alipita akivuta kiatu kwa kamba. Gachanja alisugua magoti yake, akaanza, akaacha, akaanza tena.

"Kuna kitu nilikuwa nimepanga kukuuliza December. Nilikuwa hata nimeanza kujiandaa. Lakini sasa wacha nipate kazi kwanza."

"Ni kitu gani?"

"Wacha tu. Nitauliza nikiwa nimesimama vizuri."

Wavinya alijipangusa povu kwa leso. Kwao, upande wa Matuu, mwanamume akitaka binti wa watu hupeleka ntheo, mbuzi wanaochinjwa nyumbani kwa kina msichana na kuliwa na wazee wa pande zote mbili. Wakishaliwa, huyo ni mkewe, hata kama harusi ya kanisani itakawia miaka. Mkikuyu huyu wa Ruiru alilijua jambo hilo. Alikuwa ameliulizia kwa siri kwa Mama Tabby, na Mama Tabby, kama mlivyoona, hana siri.

"Ntheo utaleta lini?" aliuliza Wavinya.

Gachanja aligeuka ghafla. "Wavi, nimekuambia sina kazi."

"Sijauliza kazi," alisema. "Nimeuliza lini."